Dirisha la Chumba cha Chai

Alhamisi ya tarehe 14 Mei 2020, usiku wa kuamkia Ijumaa, mamangu alifukiza udi kama afanyavyo kila wiki tangu nipate akili. Nilimwona akipuliza makaa kwenye chetezo. Nikamwona akitia kijiti cha udi. Nikauona moshi ukipanda, ukainama, ukafuata ukumbi wa nyumba yetu hapa Majengo, Mombasa, hadi mlango wa uani. Moshi nauona, harufu siisikii. Nikainama juu ya chetezo mpaka macho yakaniwasha. Hakuna kitu. Nikajivuta nyuma, nikajifunika pua kwa mtandio, nikamwambia asinikaribie.

"Wambaje, mwanangu?"

"Usije, mama. Kaa papo hapo."

Hakuniuliza tena. Redio ilikuwa imeshatufundisha sote kwamba korona humwondolea mtu harufu na ladha. Akakichukua chetezo chake, akaenda nacho uani, nikamsikia akianza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Tulikuwa tunaingia kumi la mwisho la Ramadhani.

Mimi ni muuguzi. Mwaka huo nilikuwa nimetimiza miaka 11 kazini, na wiki sita za mwisho nilizifanya katika wodi ya wagonjwa wa korona, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Kwa hiyo kila aliyesikia kwamba nimeugua alijua, au alidhani anajua, nimeutoa wapi. Majirani walisema wodini. Wakubwa wangu walisema wodini. Mimi mwenyewe nilisema wodini, nikajilaumu kwa glavu niliyoivua vibaya au mkono nilioupitisha usoni bila kujua. Ilinichukua siku 17 za kulala kituo cha kutengwa, sina la kufanya ila kuhesabu, ndipo nikaelewa kwamba wodi ile ndiyo iliyokuwa mahali salama kupita pote katika siku yangu.

Nieleze tulivyokuwa tukijilinda mle ndani. Kuvaa mavazi ya kinga tulifundishwa asubuhi moja. Kuvua tulifundishwa siku mbili nzima, na ilikuwa haki, maana gauni likishafanya kazi saa sita nje yake ndiko kwenye ugonjwa. Mwenzako anasimama mbele yako na karatasi, anakusomea hatua moja moja: glavu za juu, gauni ukilikunja ndani nje, mikono, miwani, mikono tena, na barakoa ya N95 mwisho kabisa, ukiwa umeshatoka mlangoni. Huruhusiwi kuharakisha. Joto la Mombasa ndani ya plastiki ile halielezeki kwa asiyelivaa. Jasho linashuka mgongoni mpaka viatu vinajaa, miwani inafunga ukungu, unatafuta mshipa wa mgonjwa kwa kupapasa kuliko kwa kuona. Wengi wetu tulikuwa tumefunga. Saa tisa alasiri ulimi unakauka kama kigae, na bado kuna mtungi wa oksijeni wa kubadilisha na mzee wa kugeuzwa alale kifudifudi. Lakini kila tulichokifanya mle tulikifanya tukijua. Tuliogopa, na hofu ile ilitufanya waangalifu.

Hata neno lenyewe, barakoa, lilikuja kwetu likiwa na kumbukumbu. Kabla ya mwaka ule, mtu wa Mombasa ukimtajia barakoa alifikiria kile kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa zamani, hasa wenye asili ya Oman, chenye kijiti kinachopita juu ya pua. Nyanya yangu alikuwa nayo moja kashani. Ghafla neno likawa la kila mtu, la makanga na la polisi, na kukosa barakoa kukawa kosa la kushikwa barabarani.

Sasa niseme barakoa hizo ziligawanywaje, maana hapo ndipo ninapotaka kufika. Sisi wa wodi ya korona tulipewa N95, ile inayobana uso pande zote mpaka ikaacha alama, na ilibidi imtoshe mtu wiki. Ukimaliza zamu unaitia kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako. Wauguzi wa wodi nyingine walipewa zile za kawaida za hospitali, nyepesi, zinazoachia hewa mashavuni. Karani wa mapokezi, anayekutana na kila mgonjwa kabla hajajulikana anaumwa nini, alivaa ya kitambaa aliyojinunulia Mwembe Tayari. Na mama wa usafi, aliyeandikwa na mwanakandarasi na wala si na hospitali, alipewa moja nyepesi kila Jumatatu, akawa anaifua usiku kwa sabuni ya kipande. Siku ya mafunzo ya kuvaa na kuvua hakuitwa. Alikuwa koridoni, akisubiri tumalize aje azoe taka tulizozivua.

Nilimwita Mama, kama wote walivyomwita. Alinishinda miaka ishirini, akiishi ng'ambo ya Nyali, Mkristo aliyetujali Waislamu wa zamu kuliko tulivyojijali. Ramadhani ilipoingia tarehe 25 Aprili, yeye ndiye aliyekuwa akituwekea maji ya tende na kututandikia mkeka katika chumba cha chai dakika kumi kabla ya Magharibi.

Chumba cha chai kilikuwa na upana wa hatua nne kwa tano. Meza, friji, viti vichache, feni ya dari, dirisha moja linalotazama mwarobaini. Dirisha lile lilikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni kunguru. Anayeijua Mombasa anawajua: wanaingia, wananyakua sambusa mkononi mwa mtu, wanatoka. Wa pili ni mvua. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote kwetu, na kusi ikivuma inaipiga mvua ubavuni, inaingia ndani kama imemwagwa kwa ndoo.

Jumapili tarehe 10 Mei tulikuwa tisa. Wauguzi watano, afisa wa kliniki mmoja, karani wa mapokezi, mlinzi wa lango na Mama. Kafyu ilikuwa ikianza saa moja usiku tangu tarehe 27 Machi, misikiti imefungwa, na tangu tarehe 6 Mei Mji wa Kale wote ulikuwa umezungushiwa vizuizi vya polisi, haingii mtu wala hatoki. Wawili kati yetu walikuwa wakazi wa Kibokoni, mtaa wa humo humo, na hawakuwa wameona watoto wao siku nne. Kwa hiyo futari ile ilikuwa kitu kikubwa kwetu. Mtu alileta kaimati, mtu muhogo wa nazi, mamangu alinifungia mkate wa sinia. Tulivua barakoa sote, kwa sababu hakuna namna ya kula umevaa barakoa. Mvua ikaanza kupiga. Kunguru mmoja alikuwa ameshatua kwenye kizingiti cha dirisha. Nikainuka, nikalifunga dirisha, nikawasha feni.

Nililifunga mimi, kwa mkono wangu.

Karani alipiga chafya mara mbili tatu. "Mafua tu haya," alisema, "mvua zimenipata Likoni." Tukamwombea afya. Tulikaa dakika arubaini hivi, tukicheka, sauti juu, maana feni ilikuwa na kelele. Hakuna aliyetaka kuondoka. Kwa wiki nyingi hakuna mahali pengine tulipokuwa tumekaa bega kwa bega na watu wengine.

Alhamisi udi ukanipotea. Ijumaa mlinzi akapata homa. Kufikia Jumatatu sampuli zetu zilikuwa zimepelekwa Kilifi, kwenye maabara ya taasisi ya utafiti ya KEMRI, na majibu yalipokuja tulikuwa watano kati ya wale tisa: karani, mlinzi, muuguzi mwenzangu mmoja, Mama, na mimi. Wenzetu watatu wa zamu hiyohiyo, waliofanya kazi ileile na kugusa wagonjwa walewale lakini hawakuja kufuturu, hawakuwa na kitu. Afisa wa kliniki aliyekuwa amekaa mlangoni, akiufungua na kuufunga kila simu yake inapolia, naye hakuwa na kitu.

Kituoni nililala nikiupanga mkeka ule kichwani kama mtu anayepanga kete za bao. Nani alikaa wapi, feni ilikuwa ikizungukia upande gani.

Katika miezi ile ya kwanza tulifundishwa kwamba ugonjwa huu hutembea kwa vijitone vizito vya mate, vinavyoanguka chini kabla havijafika mita mbili. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ujumbe kwa walimwengu likisema kwamba korona haienei kwa hewa. Tulikaa mbali mbali, tukanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, na mitaani watu wakavaa mitungi mgongoni wakanyunyiza dawa kwenye lami na kuta. Mwaka 2021 ndipo maelezo ya shirika hilo yalipotaja waziwazi kwamba chembe ndogo sana za pumzi zinaweza kuelea ndani ya chumba chenye hewa finyu na kuvutwa na mtu aliye mbali. Katikati hapo kuna mwaka mzima, na wahudumu wa afya waliuishi mwaka huo katika vyumba vilivyofungwa.

Mamangu nilimweleza kwa simu kutoka kituoni. Nilimwambia: mama, pumzi ya mgonjwa ni kama moshi wa udi wako. Unauchoma chumba cha mbele, nausikia mimi uani. Ukifungua dirisha na mlango wa nyuma, unakwisha mara moja. Ukifunga, unakaa mpaka asubuhi, umeingia nguoni na kwenye mapazia. Na feni haiutoi moshi, inauzungusha tu umfikie kila mtu. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sasa mbona hamukufungua dirisha, nanyi ndio madaktari?"

Sikuwa na jibu, na uchungu wake ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu nianze kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilipangwa kliniki ya kifua kikuu chini ya sista mmoja mkuu ambaye sasa amestaafu. Wagonjwa wake aliwakalisha nje, kwenye mabenchi chini ya mti, na ndani madirisha yake yalikuwa yamefungwa kwa waya yasifungike tena. Siku moja nililegeza waya ule kwa sababu ya vumbi. Alikuja, akaukaza kimya kimya, akaniambia niweke mkono wangu dirishani nisikie upepo unaingilia wapi na unatokea wapi, na kwamba mimi nikae upande unaoingilia. Miaka 11 nilifanya hivyo mbele ya kila mgonjwa wa TB. Ilipokuja korona mabango yalisema mikono na mita mbili, nami nikayaamini mabango, nikakiacha nilichokijua kwenye kliniki ile.

Ujuzi huo haukuwa wa sista peke yake. Mwaka 2003, SARS, homa kali ya mapafu, ilipoenea kutoka Asia na kuambukiza watu 8,096, takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa mhudumu wa afya. Dakta Carlo Urbani, Mwitaliano wa Shirika la Afya Duniani aliyeitambua hatari yake mapema huko Hanoi, alikufa nayo Bangkok tarehe 29 Machi mwaka huo. Lakini katika jiji hilohilo la Hanoi kulitokea jambo ambalo kila mjenzi wa hospitali wa pwani yetu angepaswa kulisoma. Wagonjwa wa kwanza walilazwa hospitali binafsi ya kisasa, vyumba vyake vya kiyoyozi, na makumi ya wafanyakazi wakaambukizwa. Wengine walilazwa hospitali ya umma, jengo la dari refu, feni, na madirisha makubwa yaliyoachwa wazi pande mbili upepo upite. Wafanyakazi wengi waliwahudumia hapo, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Walikuwa pia wamejiandaa, na walivaa barakoa. Sisemi dirisha peke yake lilitosha. Lakini nikiangalia majengo tunayoyasifu siku hizi, yenye vioo visivyofunguka na mashine ya baridi kila ukuta, na nikikumbuka wodi kuukuu za kisiwa hiki zilizojengwa na watu waliojua kusi na kaskazi zinatoka wapi, naona tunalipa pesa nyingi kuuondoa upepo tuliopewa bure.

Mombasa si mgeni wa magonjwa ya pumzi. Mafua makuu ya 1918 yaliingia nchini kwa bandari yetu hapa, mwezi wa Septemba, kwa meli, kisha yakapanda reli kwenda bara. Wanaokadiria husema waliokufa katika nchi inayoitwa sasa Kenya walifika 150,000. Mwaka ule uliingia ugonjwa kwa meli, mwaka 2020 ukaingia mwingine kwa ndege, Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, akautangaza tarehe 13 Machi, na mara zote mbili mtu wa langoni alikuwa mstari wa mbele: kuli, karani, mpokezi.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili kamili. Ukumbi mrefu katikati, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, choo kimoja na bafu moja. Vyumba viwili vyetu, vinne vya wapangaji: fundi cherehani na mkewe, muuza viazi vya karai, mama mwenye watoto watatu, na kijana wa tuktuk. Bango linaposema "jitenge", linazungumza na nani hapo? Muuguzi akitoka kazini amebeba ugonjwa, anaubeba mpaka kwenye ukumbi ambao watu 10 hupumulia. Tangu Aprili nilikuwa naingia kwa mlango wa uani, naoga kwanza, nalala chumba cha mbele dirisha wazi, na mamangu ananiwekea chakula kwenye baraza ya ndani anaondoka. Jirani mmoja aliacha kuitikia salamu yangu. Tuktuk zilinipita nikiwa na sare, nikaanza kuivua kazini na kutembea kwa baibui mpaka Saba Saba. Sikuwalaumu. Waliojulikana kuwa na ugonjwa walichukuliwa karantini, na mwanzoni watu walitozwa gharama zao wenyewe. Nani angetaka kukaa karibu na mtu wa hospitali? Na bado, nilipochukuliwa, ni mke wa fundi cherehani aliyempikia mamangu futari siku zote zilizobaki. Mamangu alikohoa siku tisa. Alikataa kwenda popote. Alikaa kwenye kiti uani, mchana na usiku, kanga mbili mabegani, na mvua ikinyesha alisogea chini ya bati. Alipona. Idi ilinikuta kitandani, tarehe 24 Mei, tukaombeana radhi kwa simu.

Mama wa usafi hakupona.

Alikuwa na sukari, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza alipopangiwa kubeba taka za wodi ya korona. Alikaa nyumbani siku nne akinywa mvuke wa mchaichai na malimau kwa sababu mwanakandarasi alimwambia siku asizokuja hazilipwi na asiporudi kuna mwingine anayesubiri. Siku ya tano aliletwa na mwanawe. Wenzangu waliobaki wodini ndio waliompokea. Aliingia katika kitanda ambacho wiki moja kabla alikuwa akikifuta. Walinisimulia kwamba alipokuwa bado anaweza kusema aliuliza nani anawatandikia mkeka. Alifariki siku ya tatu ya Juni, alfajiri. Alizikwa na watu waliovaa meupe, jamaa zake wachache wamesimama mbali.

Mwanawe alikuja hospitalini baadaye akiwa na karatasi. Sheria ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kazini ipo Kenya tangu 2007, na inamtaka mwajiri awe na bima. Hospitali ilimwambia mamake hakuwa mfanyakazi wake. Mwanakandarasi alimwambia athibitishe kwamba aliupatia kazini. Nilimwandikia barua, mimi na wenzangu wanne, tukaeleza kila kitu: mkeka, dirisha, nani alikaa wapi. Niliandika pia kwamba dirisha nililifunga mimi. Hajalipwa mpaka leo.

Mwaka huo wa 2020 watafiti wa Kilifi na wenzao walipima damu za wahudumu wa afya 684 katika kaunti tatu, kati ya Julai na Desemba, wakitafuta alama za kuambukizwa. Nairobi walikuta karibu 44 katika kila 100, Busia karibu 13, Kilifi karibu 12. Lakini kilichonifanya nisome mara mbili ni hiki: walipolinganisha kazi za watu, hawakuona tofauti. Kuwa daktari, muuguzi, au mfanyakazi wa kazi nyingine hospitalini hakukuongeza wala kupunguza. Ugonjwa haukufuata vyeo, na sisi kinga tulikuwa tumeigawa kwa vyeo.

Angalia hata waliokufa majina yao yakajulikana. Daktari wa kwanza wa Kenya kufa kwa korona, Dakta Doreen Lugaliki, aliyefariki tarehe 10 Julai 2020 akiwa na miaka 39, alikuwa daktari wa uzazi. Hakuwa mtu wa wodi ya vifua. Mama anayejifungua anahema kwa nguvu, anapiga kelele, na anayemzalisha yuko karibu na uso wake saa nyingi. Lakini mwaka ule nani alifikiria kupeleka N95 leba? Desemba tarehe 7 akafa Dakta Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos, hajalipwa mshahara kwa miezi, hana bima ya afya. Wiki mbili baadaye madaktari waligoma, na wauguzi walikuwa tayari nje. Nilikuwa miongoni mwao. Niliulizwa na watu wa Majengo, kwa haki kabisa, tunaachaje wagonjwa. Niliwaambia nina umri wa kutosha kuzika, na sitaki kuzika mwingine kwa kukosa kinga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya waliokufa kwa korona duniani walikuwa kati ya 80,000 na 180,000. Upana wa hesabu hiyo unanisumbua. Watu laki moja katikati hapo hawajulikani kama walikufa au hawakufa, na ninaamini wengi wao ni watu wa ufagio, wa lango na wa daftari la mapokezi, walioandikwa na mtu mwingine.

Chanjo zilipofika Machi 2021 wahudumu wa afya ndio walioitwa kwanza, na safari hii tulishikilia. Tuliandika orodha ya zamu kwa mkono, tukaanza na wa usafi na walinzi na makarani, tukasema hatutapanga mstari mpaka majina yale yakubaliwe. Kulikuwa na ubishi siku mbili. Yakakubaliwa.

Dirisha la chumba cha chai tulilifanyia kazi wenyewe. Fundi wa Sidiriya alitupimia wavu wa kuku, tukachanga, akaupigilia kwenye fremu. Kunguru sasa wanatua juu yake na kutazama. Kwenye ukuta wa pili tulimsihi mwenye jengo mpaka akatoa tofali sita juu ya friji, hewa ipate pa kutokea. Wa usafi huitwa kila mafunzo yanapofanywa, na hukaa mbele. Kila anayekuja na kikohozi mapokezini hupewa barakoa kabla ya kuulizwa jina. Si mambo ya pesa nyingi, haya. Mashine za kupumulia zilipigwa picha zilipokuja. Wavu wa kuku hakuna aliyeupiga picha.

Mwaka huu Ramadhani haikuangukia masika, lakini masika yenyewe yalikuja kwa kishindo. Jioni moja mwezi wa Mei tulikuwa saba mle ndani, na mwanafunzi mmoja wa mafunzo ya vitendo, binti mdogo aliyekuja wiki ile, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mvua ikabadili upande. Matone yakaanza kumpiga shingoni, yakalowesha mkate mezani. Akainuka akashika komeo.

Karani, yuleyule, ambaye mpaka leo akipanda ngazi husimama katikati kupumua, aliweka kikombe chake chini. Hakusema kitu. Alitoka nje, akarudi na beseni la buluu la kudekia, akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya dirisha, kisha akausogeza mkate upande wa pili wa meza na kumvutia yule binti kiti pakavu. Binti alinitazama mimi. Nikamwambia aache wazi, aje anywe chai, nitamweleza. Maji yakaanza kudondoka ndani ya beseni, kwanza tone tone, halafu kwa mfululizo.